Zebra, zebra ya tuta au daraja la juu? Na daraja la mtoni, tulipanue au tujenge jingine?

Mkutano wa mtaa uliitwa saa tisa alasiri, ukaanza saa kumi na nusu. Mhandisi, kijana mpole mwenye kizibao cha kung'aa, alibandika mchoro ukutani akatueleza: barabara yetu ya njia mbili itakuwa ya njia nne, daraja la mtoni kule bondeni litapanuliwa, na pale kituoni tutajengewa daraja la juu la waenda kwa miguu. Makofi yakapigwa. Mama anayeuza ndizi kituoni hakupiga. Alinyoosha mkono.

"Mwanangu, hilo daraja la juu lina ngazi ngapi?"

"Kama arobaini hivi, mama."

"Arobaini za kupanda?"

"Za kupanda. Na arobaini nyingine za kushuka."

"Na sinia langu la ndizi umewahi kulibeba?"

Watu walicheka, mhandisi naye akacheka, lakini swali likabaki pale pale. Mwenyekiti akatupa wiki mbili tuandike maoni. Mitaa mingi iliyo kando ya barabara kuu huulizwa swali hili hili, au haiulizwi kabisa, inaamka asubuhi na kukuta nguzo zimesimama. Kwa hiyo naweka hapa hesabu nilizopiga na uchaguzi tulioufikia, pamoja na sababu zake.

Pima barabara kwanza

Njia moja ya magari ina upana wa kama mita 3.5. Wahandisi wanapopanga taa za wavukaji huchukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Bibi mwenye mkongojo, au mtoto wa darasa la kwanza aliyemshika mkono mdogo wake, huenda polepole zaidi ya hapo. Barabara ya njia mbili ni mita 7, sekunde 6 umeshavuka. Ya njia nne ni sekunde 12. Ya njia nane, kama Morogoro Road kati ya Kimara na Kibaha, ni mita 28 hata kabla ya kuhesabu nafasi ya katikati: sekunde 23.

Sasa kaa upande wa dereva. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi Tanzania, hula karibu mita 14 kila sekunde. Katika zile sekunde 6 limekwenda mita 83. Hapo unaliona na unaweza kulikadiria. Gari la kilomita 80 kwa saa, katika sekunde 23, limekwenda zaidi ya nusu kilomita. Ukianza kuvuka njia nane kwa mkupuo mmoja, gari litakalokukuta katikati bado liko mbali kiasi kwamba unaliona kama kidoa, au limejificha nyuma ya lori.

Ndiyo maana mtu akikwambia "daraja la juu ndiyo salama" au "zebra inatosha" kabla hajauliza upana wa barabara na mwendo wa magari, anakuuzia alichonacho dukani.

Zebra ya rangi na zebra ya tuta

Zebra ya rangi ina sifa moja ambayo hakuna kivuko kingine kinaishinda: inakaa pale pale watu wanapovukia, na haimtaki mtu apande wala ashuke. Ni kazi ya siku moja. Kwenye mtaa wa njia mbili wenye magari ya mwendo mdogo, hiyo inatosha.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea heshima ya dereva. Sheria iko upande wa mvukaji, lakini trafiki hayupo kila zebra wala kila saa. Rangi nayo, masika mawili yakipita, inabaki kama kumbukumbu. Na kwenye njia nne kuna hatari ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho: daladala ya kwanza inasimama kwa ustaarabu, inakupungia upite, na nyuma yake bodaboda au gari dogo linachomoka upande wa pili bila kujua kwa nini daladala imesimama. Hapo ustaarabu wa dereva mmoja umekuingiza mtegoni.

Zebra ya tuta ni zebra ile ile, mahali pale pale, ila imeinuliwa kama sentimita 10 na juu yake ni tambarare, pana ya kutosha mtu kutembea kama yuko barazani. Msiichanganye na yale matuta membamba yanayovunja springi, wala na rasta, zile mistari za kutetemesha gari ambazo dereva mzoefu anajua kwamba akiongeza mwendo hazisikii. Kwenye zebra ya tuta bodaboda, gari dogo na basi vyote vinapunguza, si kwa huruma bali kwa kuogopa gharama ya gereji.

Na kupunguza mwendo ndiko kila kitu kiliko. Chukua gari dogo kwenye lami kavu, dereva aliye macho, anachukua sekunde moja kushtuka kisha anakanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30, atasimama ndani ya mita 13 au 14. Akiwa kwenye 50, anahitaji kama mita 28. Mtoto akitokeza mita 20 mbele, dereva wa kwanza amesimama na anamgombeza tu. Wa pili anamgonga akiwa bado na mwendo wa kilomita 30 na kitu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa anapogongwa huongezeka mara nne na nusu gari likitoka kilomita 50 kwenda 65. Tofauti hiyo dereva haioni hata kama kitu cha kujivunia.

Dar es Salaam imekuwa shule ya jambo hili. Shirika la Amend lilianza hapa kazi ya kurekebisha njia za watoto kuzunguka shule za msingi: matuta, zebra, vijia vya miguu, vizuizi vya kutenga watoto na magari, wakati mwingine kuhamisha geti la shule lisitokee barabara kuu. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute) mwaka 2019, ikishindana na miradi mikubwa kutoka duniani kote. Vitu vyenyewe ni zege, rangi na mabomba ya chuma.

Kasoro ya zebra ya tuta inayosahauliwa ni maji. Ukiinua barabara bila kuacha pa kupitishia maji pembeni, umejenga bwawa. Mvua ya kwanza ya masika, wavukaji wanasimama kwenye tuta kama kuku kisiwani. Kwa hiyo aulizwe mhandisi: maji ya mtaro yanapita wapi hapa? Kama mchoro hauonyeshi bomba au kalavati dogo kwenye kila ncha ya tuta, bado haujakamilika. Mtasikia pia kwamba barabara kuu haziwekewi matuta kwa sababu ya malori na mabasi ya mikoani. Kwenye pori ni kweli. Lakini barabara kuu inapokatiza katikati ya soko na shule mbili, hapo ni mtaa, hata kama kwenye ramani ina namba ya barabara kuu.

Taa, kwa kifupi

Taa yenye kitufe ni nzuri pale wavukaji ni wengi kwa saa fulani tu, mfano mbele ya hospitali. Kwetu ina maadui wawili: umeme kukatika, na trafiki anayesimama katikati akayaongoza magari kwa mkono huku taa zikiendelea na mambo yao. Tukiletewa taa hatuzikatai. Ila ziwekwe juu ya tuta, ili siku zisipowaka tuta libaki kazini.

Daraja la juu: linamhudumia nani?

Hapa ndipo mkutano wetu ulipogawanyika, na mimi nina upande.

Daraja la juu lazima lipishe lori refu chini, kwa hiyo sakafu yake inakaa kama mita 6 juu ya lami. Ngazi moja ikiwa na kimo cha sentimita 15, hizo ni ngazi 40, kama alivyosema kijana. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji mteremko wa mita moja ya kimo kwa kila mita 12 za urefu, yaani mita 72 za kupanda bila kuhesabu mapumziko, kisha mita 72 za kushuka. Barabara ya mita 14 imegeuka safari ya zaidi ya mita 150. Mtu mzima mwenye nguvu anapiga hesabu hiyo kichwani kwa nusu sekunde na kuvukia chini. Tunamwita mkorofi, lakini miguu yake imejua hesabu kuliko mchoro.

Majirani zetu wa Kenya walishaliona hili. Thika Road, ya kama kilomita 50, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na hadi njia nane, na madaraja ya juu yakajengwa. Watu waliendelea kukatiza chini ya madaraja hayo hayo, ikabidi kuweka vizuizi katikati ya barabara na mara nyingine polisi kuwakamata wavukaji. Sisemi madaraja yale yalikuwa kosa. Barabara ya namna ile, magari yakienda kilomita 80 na zaidi, haivukwi kwa zebra. Nasema kwamba hata pale ambapo ni lazima, daraja halitoshi peke yake. Umbali kati ya daraja na daraja unaamua watu watapita wapi.

Na usiku? Daraja la juu lisilo na taa, lenye kuta zilizozibwa na mabango ya matangazo, ni ukumbi wa vibaka. Dada anayetoka kazini saa nne usiku anachagua kati ya gari na kisu, na mara nyingi anachagua gari.

Yapo yanayofanya kazi. Manzese pana kituo kinachoitwa Darajani, na daraja lenyewe ni la waenda kwa miguu. Linashukia katikati ya watu na biashara, ndiyo maana lilipewa heshima ya kuwa jina la mahali. Mwanza wana la Furahisha, lililofunguliwa 2017. Kwa hiyo tukiamua kuomba daraja la juu, tuliombe na masharti yake: lishukie kituoni, lisiwe mita 200 kutoka kituoni, liwe na mteremko unaopitika kweli, kuta zake zionekane ndani, na liwe pana. Wamachinga watapanga bidhaa juu yake hata ukiweka askari, basi liwe na nafasi ya machinga na mpita njia wote wawili.

Kwa barabara ya njia sita na kuendelea, au yoyote ambayo magari hayatapunguzwa mwendo, daraja la juu ndilo chaguo. Kwa njia nne zinazopita mtaani kwetu, zenye kisiwa cha katikati, sioni sababu. Kisiwa kinaigawa barabara kuwa mbili za mita 7. Unavuka sekunde 6, unasimama, unapumua, unageuza shingo upande mmoja tu, unavuka sekunde 6 nyingine. Kisiwa hicho kisiwe ukingo wa sentimita 50. Mwenye baiskeli au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi wanahitaji mita 2.

Njia ya chini ya barabara

Handaki la waenda kwa miguu mjini Dar sishauri. Litajaa maji Aprili na harufu miezi iliyobaki. Isipokuwa sehemu moja: pale barabara inapokuwa tayari imeinuliwa kwa kifusi, kama inavyokuwa ikikaribia daraja la mtoni. Hapo mtu hapandi wala hashuki, anapita tambarare huku magari yakiwa juu ya kichwa chake. Katika mradi wa kupanua daraja, kuomba kijia cha zege ukingoni mwa mto chini ya daraja ni ombi dogo wakati mkandarasi bado yuko na mitambo yake pale pale. Mwaka mmoja baadaye linakuwa mradi mpya usio na bajeti. Mafuriko yatakifunika siku chache kwa mwaka, na siku hizo mto wenyewe utakuwa umeshawaambia watu wabaki nyumbani.

Daraja la mtoni: njia tatu

Ukitanua barabara ukaliacha daraja, umetengeneza kibuyu: tumbo pana, shingo nyembamba, na foleni yote inasimama shingoni. Kwa hiyo kitu fulani lazima kifanyike. Swali ni kipi.

Kulipanua lililopo ndiko kulikofanyika Morogoro Road. Upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha ulikwenda pamoja na kupanua madaraja ya Kibamba, Kiluvya na Mpiji. Inaeleweka, maana barabara ilikuwa inabaki kwenye mstari wake ule ule, na eneo lilishapatikana kwa machozi ya bomoabomoa ya 2017. Faida ni kwamba huhitaji njia mpya wala fidia mpya, na lile la zamani linaendelea kufanya kazi.

Lakini kupanua daraja ni kushona kiraka kipya kwenye kanzu kuukuu. Nguzo mpya zinakaa kwenye udongo ambao haujawahi kubeba kitu, zinashuka kidogo kidogo, ilhali za zamani zilishamaliza kushuka miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana fundi makini hujenga upande mpya ujitegemee kwanza, auache utulie, kisha amwage zege la ule ukanda wa kuunganisha mwishoni. Na zege hilo linapokauka, malori yasiruhusiwe kutikisa daraja upande wa pili. Mkandarasi akiwa na haraka ya kukabidhi kabla ya sherehe, hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Ulizeni pia kama kuna aliyeshuka kuangalia miguu ya nguzo za zamani. Mito yetu ya Dar imechimbwa mchanga na wachimbaji wa magari ya mchanga, na mto hula udongo kwenye misingi bila mtu wa juu kujua.

Kujenga jipya kando kunafaa pale tatizo si upana peke yake. Daraja la zamani la Wami lilijengwa 1959, njia moja, na pande zote mbili kuna miteremko mikali ambayo kila dereva wa basi la Tanga na Arusha anaijua. Ungelipanua hata mara tatu, miteremko ingebaki. Likajengwa jipya la mita 510, lililoanza kutumika 2022, likikaa juu na kuyafuta mabonde yale. Dar nako, badala ya kuendelea kuhangaika na daraja la zamani la Selander peke yake, lilijengwa daraja la Tanzanite, kilomita 1.03 juu ya bahari, likafunguliwa mwaka huo huo wa 2022. Jioni utawakuta watu wanakimbia na kupiga picha pale, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa raha kwenye Selander. Ila Tanzanite na Wami ni fedha za taifa. Mtaa wenye kijito cha mita 20 usiote ndoto hizo.

Njia ya tatu haimo kwenye mchoro wetu, na ndiyo ninayoipenda: daraja la zamani lipanuliwe kwa ajili ya magari, na waenda kwa miguu wapewe daraja lao jembamba kando, mita chache pembeni. Watu na baiskeli ni wepesi, hawahitaji nguzo za kubeba tani 50. Linajengwa haraka, na likijengwa kwanza, watu wanakuwa na pa kupita miezi yote ambayo daraja kubwa linafanyiwa kazi. Suala hili la "wakati wa ujenzi" ni kubwa kuliko tunavyodhani. Nairobi walipojenga barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, baadhi ya madaraja ya waenda kwa miguu ya Mombasa Road yalibomolewa kupisha kazi, watu wakabaki kukimbizana na magari. Kasoro ya daraja la chuma ni wezi wa vyuma chakavu: kingo ziwe za zege, au ziwe zimechomelewa, si za bolti.

Kama njia ya miguu itabaki kwenye daraja lililopanuliwa, shikeni tepu. Fedha ikipungua, cha kwanza kukatwa ni njia ya miguu, inatoka mita 2 inakuwa ukingo wa kukanyaga mguu mmoja. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, lina njia sita za magari na bado limeacha mita 2.5 kila upande kwa waenda kwa miguu. Hicho ndicho kipimo cha kuwaonyesha. Na kati ya njia hiyo na magari pawe na ukuta, mstari wa rangi haumzuii mtu wa fuso aliyesinzia.

Tulichoandika

Barua imekwenda TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, kwa sababu barabara ni yao. Ingekuwa ya mtaani tungewaandikia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na ukikosea hapo barua yako itazunguka miezi. Nakala kwa diwani. Tumeomba zebra mbili za tuta, moja kituoni na moja shuleni, kisiwa cha mita 2 katikati, daraja jembamba la miguu lijengwe kabla ya kugusa lile kubwa, na kijia chini ya daraja. La juu tumelikataa kwa maandishi, na sababu ya ngazi 40 tumeiweka.

Kabla hatujatia sahihi, mama wa ndizi alitaka liongezwe jambo moja. Kituo cha daladala kiwekwe mbele ya zebra, yaani gari lipite zebra kwanza ndipo lisimame. Likisimama kabla ya zebra, alisema, linamficha anayevuka, na gari linalolipita halimwoni. Yeye ameuza ndizi pale miaka kumi na moja. Mhandisi alipokuja kuchukua barua, hilo ndilo aliloliandika kwanza kwenye daftari lake.